Mwalimu Akisema Hajui

Juzi hapa Leipzig, Ujerumani, profesa wetu alikosea hesabu ubaoni. Kijana mmoja, kofia kichwani na mkate mkononi, akamwambia bila hata kusimama: "Hapo umekosea." Mimi nikainama. Naapa niliinama, maana mwili huu ulisomea Njoro, Kenya, na unajua kinachofuata. Profesa akatazama ubao, akafuta, akashukuru. Baadaye kidogo akaulizwa jambo jingine, akajibu, "Sijui, nitaangalia." Kipindi kilipoisha wakamgongea meza kwa vidole, ndivyo makofi ya wanachuo wa huku yalivyo.

Nilirudi chumbani na wivu. Miaka yote 16 ya 8-4-4, mfumo wetu wa shule hadi chuo kikuu, sikuwahi kumsikia mwalimu wangu yeyote akisema hajui. Darasa la saba niliuliza kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya. Nikaulizwa kama nataka kazi ya mwalimu, kisha nikapiga magoti chini ya mlingoti wa bendera hadi kengele ya chakula. Kiboko kilipigwa marufuku 2001, lakini ile nyahunyo ya kwetu haikusoma tangazo. Na "Kuna swali?" ilimaanisha fungeni vitabu.

Najua mtakachosema. "Miaka miwili tu Ujerumani, tayari anawatukana waliomshika mkono kuandika a-e-i-o-u." Tulieni kwanza. Mama yangu ni mwalimu; ugali nilioula ulitoka kwenye chaki. Na Njoro hiyo hiyo ndiko alikokuwa akifundisha hisabati na fizikia Peter Tabichi alipotuzwa kuwa mwalimu bora duniani 2019, mtu aliyekuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wasiojiweza. Sihitaji mtu kunifundisha kujivunia kwetu.

Wala hawa wa huku si malaika. Yule wa mkate huja hajafungua ukurasa hata mmoja, na mimi kurasa zote nimezikariri, hadi maelezo ya chini ya picha. Ila yeye anauliza. Mimi kwenye mtihani wa mdomo niliulizwa, "Wewe mwenyewe unaonaje?" Nikabaki natazama dirisha. Majibu yote nilikuwa nayo isipokuwa hilo, kwa sababu tangu chekechea hakuna aliyewahi kulitaka.

"Darasa la watu ishirini si darasa la watoto sabini." Haya, hapo mmenishika. Tangu elimu ya bure ya 2003 Mama amesahihisha marundo ya vitabu yanayomzidi kimo. Jumapili nikampigia simu: umewahi kuwaambia wanafunzi hujui?

Alicheka mpaka akakohoa. "Mbele ya watoto sabini? Hiyo wiki ningeimaliza?" Halafu akanyamaza kidogo. "Wangeniona mjinga, baba. Na mimi ningejiona hivyo."

Nikaanza kumweleza habari za profesa, kufuta ubao, kugonga meza. Akanikatiza.

"Na wewe huko, umeshauliza swali hata moja?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.