Zima mwangwi kwanza

Mwaka juzi nilikesha wiki nzima nikitengeneza sauti moja ya piano ya umeme kwa ajili ya kwaya yetu. Nyumbani, kwenye hedifoni, ilikuwa tamu kweli: pana, inaelea, kila noti inaacha mkia mrefu nyuma yake. Jumapili nikaipiga kanisani, ikapotea. Waimbaji wa sauti ya tatu wakawa wananigeukia kutafuta toni na hawaipati. Jengo letu lina paa la bati na sakafu ya vigae, kwa hiyo mwangwi limejaliwa tayari; mimi nikamwaga mwingine juu yake. Fundi mitambo naye alichukua waya mmoja tu, mono, na ule upana wote wa stereo ukajila wenyewe.

Jioni ile nilizima efekti, yaani mapambo kama mwangwi yanayoongezwa juu ya sauti, moja baada ya nyingine. Kilichobaki kilikuwa mlio mwembamba, haubadiliki hata ubonyeze kwa nguvu vipi. Iliniuma, maana kazi yote ya wiki ile ilikuwa imekwenda kwenye mwangwi.

Tangu hapo nina msimamo ambao nautetea popote wapiga kinanda wanapokutana: sauti ya sintesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti zake kwa umeme, itengenezwe ikiwa kavu mpaka isimame yenyewe. Efekti ziingie mwisho kabisa, na zikikosekana wimbo usidhurike.

Shule yangu katika hili imekuwa Yamaha DX7, sintesaiza ya mwaka 1983. Sijawahi kuimiliki, naitumia kupitia Dexed, programu ya bure inayoiiga. DX7 haina mwangwi, haina korasi (efekti inayofanya sauti moja isikike kama nyingi), haina hata filta ya kuchuja ukali wa sauti. Ina opereta sita, yaani vyanzo sita vya mawimbi, na njia 32 za kuziunganisha. Opereta moja inasikika, nyingine inaitikisa, na mtikisiko huo ndio unaozaa rangi ya sauti. Msingi wake aliugundua John Chowning pale Stanford mwaka 1967, alipokuwa akichezea vibrato, ule mtetemo wa noti: aliongeza kasi na kina chake mpaka sikio likaacha kusikia noti inayoyumba na kuanza kusikia sauti mpya kabisa.

Chukua ile piano yake ya umeme ambayo kila mtu aliyesikiliza redio miaka ya themanini anaijua. Opereta zimepangwa mbili mbili, jozi tatu. Katika jozi moja, opereta inayotikisa imewekwa kasi mara 14 ya noti yenyewe, na hapo ndipo inapotoka ile "ting" ya chuma mwanzoni. Lakini ting hiyo inatii kidole. Ukipapasa haipo, ukigonga inaruka. Jozi nyingine zimepishanishwa toni kwa kiasi kidogo sana, zinasuguana polepole, na noti inapata uhai ambao wengi tunaukimbilia kwenye korasi. Uhai huo umo ndani ya noti yenyewe, kwa hiyo hata waya mmoja wa mono unaubeba hadi kwenye spika.

Hata mkia wa mwangwi unaweza kuujenga kwa mkono. Jozi mbili ziache zikate mara kidole kinapoachia. Ya tatu ishushe sauti, kwangu huwa kati ya 75 na 80 kwenye kipimo kinachoishia 99, kisha ipe mwisho wa polepole. Noti inakatika, kivuli chake kinabaki. Gharama yake ni kwamba DX7 inatoa noti 16 tu kwa pamoja, na kila kivuli kinashikilia nafasi yake mpaka kifie mbali. Ukipiga kodi nene mfululizo, noti za zamani zitanyang'anywa nafasi ukisikia. Mimi gharama hiyo naikubali, kwa sababu inanilazimisha kupunguza vidole.

Kitu kingine ambacho wengi hukiruka ni kuchelewesha vibrato. Sikiliza mwimbaji mzuri wa taarabu akivuta neno: kwanza anasimama wima kwenye noti, mtetemo unakuja baadaye. Ukiipa filimbi yako ya sintesaiza subira hiyo hiyo, watu wanainua vichwa, na mwangwi hujaugusa bado.

Najua nitajibiwa kuhusu Roland Juno, sintesaiza ambazo sauti yake inategemea korasi. Na hapo nakubali. Juno-106 ina osileta (chanzo cha mawimbi) moja tu kwa kila noti, na korasi yake ni kiungo cha mwili wake. Ukiizima umeikata mguu. Waliounda chombo kile waliisikia korasi kama sehemu ya sauti tangu mwanzo. Ninachopinga ni efekti inayoletwa kuficha kwamba hakuna aliyesikiliza. Roland D-50 ya mwaka 1987 ilikuja na korasi na mwangwi ndani yake, Korg M1 ikafuata na efekti zake mwaka uliofuata, na leo ukiwasha kinanda chochote kipya dukani sauti za kiwandani zimelowa chapachapa. Mnunuzi anabonyeza noti moja, anasikia ukumbi mkubwa, anatoa pesa. Kijana anayejifunza kwenye kinanda hicho atachelewa sana kujua kipi ni sauti na kipi ni ukumbi.

Piano ya kwaya niliijenga upya, kavu, jozi tatu. Sauti ya tatu sasa wanaipata toni bila kunigeukia. Bado noti za chini zinanisumbua: chini ya do ya katikati ile ting inageuka kuwa mlio wa sufuria. Wiki hii najaribu kuipunguzia nguvu opereta inayotikisa kadiri mkono unavyoshuka kushoto. Jana usiku nilifika karibu, ila do ya chini kabisa bado inakwaruza.