Huyo si Buu, Mwacheni Mama Samaki

Jumamosi saa mbili usiku simu ilianza kulia mfululizo. Mama Joy, jirani wa ghorofa ya tatu, alikuwa ametuma picha kwenye gruupu ya ploti: sahani, kibua mbichi aliyepasuliwa, na kitu cheupe kimelala juu ya mnofu. "Mabuu! Mama wa pale getini anatuuzia samaki waliooza!" Kufikia saa tatu watu walishakubaliana kwamba samaki ametiwa dawa ya maiti na mama arudishe pesa. Wakili mmoja (kila ploti ina wakili wake) akataka kanjo, askari wa kaunti, waitwe. Hakuna aliyeuliza ni mdudu gani.

Nikavaa ndala nikapanda. Kibua alishatupwa kwenye pipa, lakini mnyoo bado alikuwa pale. Nikaomba kisahani na maji yenye chumvi kidogo. Akajinyoosha polepole, kisha akajikunja tena bapa, kama springi ya saa. Sentimita 2 hivi, mwembamba kama uzi, mwili laini.

"Mama Joy, tazama. Buu ni mnene, ana pingili, na nyuma ana vidoa viwili vyeusi vya kupumulia. Huyu anavyo?"

"Toa hiyo kitu kwa sahani yangu."

Basi niwaambie ninyi mtakaonisikiliza. Buu huletwa na nzi, na nzi hutaga mayai samaki akishavuliwa, akilala wazi mezani. Ukikuta buu, gombana na muuzaji, hata mimi nitakusindikiza. Lakini yule alikuwa lava, yaani mtoto, wa mnyoo wa baharini aitwaye Anisakis au ndugu yake wa karibu, na aliingia ndani ya samaki huko huko baharini. Mayai yake hutoka na kinyesi cha pomboo na nyangumi, lava humezwa na vijidudu vya jamii ya kamba, hao wakaliwa na samaki, samaki akaliwa na pomboo, mambo yakaanza upya. Mama samaki anaingia wapi hapo? Alitakiwa awachanje pomboo?

Zile punje kama za mchele kwenye mnofu wa nguru mara nyingi ni lava wa tegu wa papa na taa. Kinyaa tu.

Najua, macho hayatoshi. Tulipokuwa tukisoma Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, tuliwaloweka lava hawa kwenye gliserini mpaka wapenye mwanga, ndipo darubini ikatuonyesha kijimwiba cha mkiani na kile kipande kirefu cha tumbo kati ya umio na utumbo. Kutofautisha Anisakis typica wa bahari za joto na wenzake kunataka DNA. Lakini kumtofautisha na buu kunataka kisahani na subira ya dakika mbili!

Haya, mama naye angewatoa matumbo mapema. Samaki akikaa na utumbo wake, baadhi ya lava huhamia kwenye mnofu. Hilo kosa nampa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wakili wetu huyo huyo hutupostia picha za samaki mbichi anaokula kwenye mikahawa ya Westlands, vipande vinang'aa, ndimu pembeni. Ndimu haimuui lava huyu. Siki pia haimuui. Anayemeza lava hai anaweza kushikwa na tumbo ndani ya saa chache hadi daktari amchomoe kwa koleo la endoskopi. Anayemuua ni moto wa nyuzi 60 kwa dakika nzima hadi ndani ya mnofu, au baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, na barafu ya kwenye kasha la basi kutoka Mombasa haifiki huko. (Wenye mzio wa mnyoo huyu wajihadhari hata akiwa amekufa.) Kwa sisi wengine, kibua aliyekaangwa na mama akakauka hadi mifupa ni salama kuliko sahani ya wakili.

Jana nilipita getini. Mezani kulikuwa na tilapia peke yake. Nikamuuliza vibua wako wapi.

"Ya bahari nimewachana nayo," akasema, akifukuza nzi kwa gazeti. "Watu wa ploti yenu wana kelele."