Kura ya rais na vijana: kabla tuwalaumu, tuangalie rejista

Tangu vijana wa Gen Z waingie barabarani kuandamana Juni 2024 kuna mjadala haujaisha hapa Nakuru. Uko kwa matatu, uko kwa kinyozi, uko kwa wazee wakisimama nje ya kanisa. Wengine wanasema 2027 vijana ndio waamue rais, basi. Wengine wanasema hapana, kijana wa miaka 19 hajawahi kulipa rent wala kukosa karo ya mtoto, ataachiwaje nchi? Acha nianze na hao wazee, juu tunawapuuza haraka sana.

Mzee wa Nakuru ako na sababu ya kuogopa. Mwisho wa 2007 kuingia 2008 Bonde la Ufa ndilo liliumia zaidi, na Tume ya Waki, ile ilichunguza vurugu za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Kwa picha zenye zilibaki kichwani mwa wengi, mwenye alikuwa ameshika panga alikuwa kijana. Kisumu nako wengi walikufa kwa risasi ya polisi, kwa hivyo ukimwambia mama wa Kondele ati vijana wakuwe mbele kwa mambo ya rais, yeye anafikiria mtoto wake hatarudi nyumbani. Hiyo si chuki ya vijana, ni uchungu, na lazima tuuheshimu. Lakini pia tukumbuke tume hiyo hiyo ilisema kulikuwa na wanasiasa na wafanyabiashara waliopanga na kulipia vurugu sehemu zingine. Mwenye alitoa pesa hakuwa wa miaka 20.

Kuna pahali wazee wako sawa kabisa. Kukataa na kuchagua ni vitu viwili. 2024 vijana walijua vizuri wanakataa nini, Rais akaondoa Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, tarehe 26 Juni, 11 Julai akafuta karibu baraza lote la mawaziri, na bei ya hiyo ilikuwa damu, Tume ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu vifo 60 ama zaidi. Lakini kura ya rais inataka jina moja, na hilo jina lipite nusu ya kura zote halali, tena lipate asilimia 25 kwa kaunti 24. Kitu kuvuma kwa simu usiku mmoja haikufikishi kaunti 24. Hiyo hesabu wazee wanaijua na vijana wengi bado.

Wazee pia husema ati kijana hununuliwa na mia mbili ya mwanasiasa, lakini sitakaa hapo sana. Mia mbili inachukuliwa na kila mtu.

Sasa kuja kwa rejista, na hapa ndio mimi hukasirika. 2022 wapiga kura waliosajiliwa walikuwa milioni 22.1. Vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu milioni 8.8, yaani asilimia 39.84, na hiyo idadi ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 5 ukilinganisha na 2017. Soma hiyo tena polepole. Rejista yote ilikua kutoka milioni 19.6, kila mwaka watoto wanafika miaka 18, nchi yenyewe robo tatu ya watu wako chini ya miaka 35, na bado vijana kwa rejista wakapungua. Huwezi kuniambia kizazi kizima kilishikwa na uvivu mwaka mmoja.

Halafu siku ya kura yenyewe, 9 Agosti 2022, waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65. William Ruto alipata kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211 na watu huongea hiyo tofauti sana, lakini mimi hii ndio inaninyima usingizi: watu wenye walikuwa kwa rejista na hawakupiga kura walikuwa zaidi ya milioni 7.7. Hao ni wengi kushinda kura za mshindi! Na ukipiga hesabu ya nusu ya kura zote, Ruto alipita laini ya kukwepa raundi ya pili kwa kama elfu 70 hivi. Nakuru peke yake iko na wapiga kura zaidi ya milioni moja. Sisemi wote waliokaa nyumbani ni vijana, wala sisemi wangepigia nani. Nasema tu hatuwezi kusema vijana wako na nguvu nyingi sana kwa kura ya rais wakati hiyo nguvu hatujawahi kuiona ikitumika yote.

Kwa nini wanakosekana? Watu husema ni kukata tamaa na ni kweli, uliza Kisumu vile mambo yalikuwa baada ya uchaguzi wa 2017. Lakini kuna sababu moja ya kawaida sana yenye hakuna mtu anaiongelea. Sheria yetu unapigia kura pahali ulijiandikisha tu. Na nani huhama Kenya hii kama si kijana? Chukua msichana wa miaka 22 wa Butula kule Busia. Alijiandikisha kwa shule ya msingi karibu na kwao akifikisha miaka 18, mwaka ukafuata akapata kibarua cha maua Naivasha, sahii anaishi Karagita, chumba kimoja wako wawili. Kura ni Jumanne. Ili apige lazima asafiri usiku mzima, nauli imepanda juu kila mtu anasafiri, apige, apande gari tena jioni, na Jumatano asubuhi msimamizi anamngoja kwa grinihausi. Hataenda, hata kama wimbo wa kampeni anaujua wote. Mwenye alijiandikisha akisoma Egerton Njoro ama Maseno ni hivyo hivyo, Agosti ikifika kama ako kwao Vihiga ama Kitui, kura yake imebaki chuo. Mzee mwenye amejenga nyumba yake hapa Lanet miaka 30 anatembea dakika kumi tu. Sheria ni moja kwa wote, lakini inambeba mwenye ametulia.

Kuna wenye husema basi kura ya rais ifunguliwe, mtu apige popote, maanake jina la rais ni lile lile Busia na Naivasha. Tayari Wakenya wa ng'ambo na wafungwa hupiga kura ya rais peke yake. Naipenda hiyo wazo lakini iko na shimo. 2022 mashine za KIEMS, zile za kutambua mpiga kura, zilikataa kwa vituo kadhaa Kakamega na Makueni hadi rejista ya karatasi ikatumika. Sasa kama mtu anaweza kupiga popote na kituo kimerudi kwa karatasi, nani atajua hajapiga kwingine asubuhi? Nchi yenye imewahi kufutiwa uchaguzi wa rais na Mahakama ya Juu, 1 Septemba 2017, haiwezi kucheza hapo. Kwa hii, wenye wanataka kila mtu apige pale alijiandikisha wameshinda, kwa sasa.

Lakini hoja ya wazee ya ati kijana hana kitu cha kupoteza, hiyo nakataa. Deni la nchi limepita shilingi trilioni 10. 2018 serikali ilikopa Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, yenye sehemu moja, dola bilioni moja, inalipwa mpaka 2048 kwa riba ya asilimia 8.25. Mtoto mwenye atapiga kura mara ya kwanza 10 Agosti 2027, aliyezaliwa 2009, atakuwa na miaka 38 ama 39 hiyo deni ikiisha, na siku inachukuliwa alikuwa darasani na hakuna mtu alimuuliza. Wengi wa waliotia sahihi watakuwa wameshaenda. Mwenye atalipa muda mrefu zaidi ndio tunaambia angoje akomae?

Tume ya uchaguzi, IEBC, wanasema wanatafuta wapiga kura wapya milioni 6.3 kabla ya 2027. Wakati ule wa 2021 walitafuta milioni 6, awamu ya kwanza wakapata kama milioni 1.5. Wakirudia njia ile ile watapata idadi ile ile. Huyo msichana wa Karagita hata si mpya, ameshasajiliwa, anahitaji tu kuhamishwa kituo, na kwa kawaida hiyo inamaanisha kwenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge siku ya kazi, masaa ya kazi, na kibarua asipofika halipwi. Mashine ipelekwe hapo kwa geti ya shamba jioni watu wakitoka shifti, ipelekwe chuoni, ipelekwe stejini ya bodaboda, na ihamishe watu, isisajili wapya tu. Hiyo ifanywe kwanza, halafu tukae chini na wazee tubishane kama vijana wako na akili ya kuchagua rais.