Bonanza, Kandege na Hesabu ya Bahati

Kwenye vibanda vya Kondele hapa Kisumu, na hata ukipanda matatu hadi Luanda au Mbale kule Vihiga, mabishano kuhusu mashine za kamari za bonanza huwa ni yale yale. Kuna wanaosema mashine imepangwa, kwamba mwenyewe ameiweka isitoe kitu na anayeingiza sarafu anaibiwa mchana peupe. Na kuna wanaosema hapana, ni bahati tu, na bahati huja kwa zamu: mashine ikila sana imeshiba, na ikishiba lazima itapike, kazi yako ni kuwepo wakati huo. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Zinachokosa pande zote mbili ni hiki: hata mashine isiyodanganya hata kidogo, iliyopimwa na kupitishwa, itamaliza pesa za mchezaji. Haihitaji wizi, inahitaji muda.

Tuanze na sanduku lenyewe. Wengi mnalijua: kioo mbele, taa zilizopangwa kuzunguka pembeni, picha za tufaha, chungwa, kengele, tikiti maji, nyota, 77 na BAR, na tundu la sarafu ya shilingi 20. Unaingiza sarafu, unabonyeza picha uliyoichagua, taa inakimbia kwa mlio, inapunguza mwendo, inatambaa, inasimama. Watu wanashika pumzi pale inapotambaa, kana kwamba taa inasitasita wapi pa kutua. Haisitisiti. Ndani mna programu inayotoa namba za nasibu mfululizo, na katika mashine iliyotengenezwa sawasawa namba hizo hutoka hata wakati hakuna anayecheza. Ukibonyeza, namba ya wakati huo inachukuliwa na jibu limeshapatikana. Mbio za taa ni maonyesho ya jibu ambalo tayari lipo.

Sasa chukua mashine yenye taa 24, moja tu ikiwa BAR, na BAR inalipa mara 50. Anayetazama anaona nafasi moja katika 24. Piga hesabu. Ukiweka shilingi 20 kwenye BAR mara 24, umetoa shilingi 480. Kama kila taa ingekuwa na nafasi sawa, kwa wastani ungepata BAR mara moja na kulipwa shilingi 1,000. Mwenye mashine angefunga kibanda kabla jua halijazama. Kwa hiyo taa hazina nafasi sawa, na biashara hii haiwezekani zikiwa nayo. Ili mashine irudishe asilimia 90 ya kinachowekwa kwenye BAR, taa hiyo inapaswa kuwaka takriban mara moja katika mizunguko 56. Macho yanahesabu 24, programu inahesabu 56. Hesabu hii unaweza kuifanya ukiwa umesimama nje ya kibanda, bila kutoa hata shilingi.

Mbinu hii si ya Kondele wala si ya juzi. Mashine ya Liberty Bell, aliyoibuni Charles Fey huko San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa na magurudumu matatu yenye picha 10 kila moja, yaani michanganyiko 1,000 tu. Aliyetaka kujua nafasi yake angehesabu picha. Mwaka 1984 mvumbuzi Inge Telnaes alipata hataza Marekani, yaani haki ya mwenye uvumbuzi, ya mfumo ambao gurudumu linaloonekana lina vituo vichache, lakini ndani ya kompyuta kuna gurudumu jingine lenye vituo vingi zaidi, na ni hilo la ndani linaloamua. Tangu hapo kinachoonekana kwenye kioo hakina lazima ya kufanana na uwezekano wenyewe. Ndiyo maana ile kauli ya "imebaki taa moja tu!" haina maana yoyote. Taa iliyo jirani na BAR haiko karibu na BAR kihesabu, iko karibu nayo kwenye kioo tu. Lakini mwili wa mchezaji hauelewi hivyo, na sarafu nyingine inaingia.

Kambi ya kwanza itasema: si ndiyo maana tunasema imepangwa? Hapa kuna mambo mawili ambayo mtaani huchanganywa. Kupanga kiwango ni kuamua kwamba BAR itatoka mara moja katika 56. Kupanga matokeo ni kuamua kwamba wewe, leo, hupati. La kwanza ndiyo biashara ya kamari dunia nzima, na kwingine sheria inaliweka wazi: jimbo la Nevada kule Marekani halikubali mashine irudishe chini ya asilimia 75, na Uingereza inataka mchezaji aelezwe asilimia inayorudi. La pili ni wizi. Shida yetu ni kwamba kwenye bonanza ya sokoni huwezi kutofautisha. Bodi nyingi za mashine za aina hii zina swichi ndogo za kupandisha na kushusha malipo, na mwenye ufunguo wa sanduku ndiye mwenye swichi. Kama hakuna mkaguzi aliyewahi kuifungua, mchezaji anabaki na neno la mwenye mashine tu. Wanaolalamika hapo hawana uthibitisho, lakini shaka yao ni ya haki kabisa.

Na hii imani ya kushiba na kutapika je? Kijana mmoja wa boda aliniambia kwa uhakika wote, "Mzee wangu, jana ilikula watu tangu asubuhi, leo lazima itoe." Kwa mashine ya nasibu halisi, hapana. Mzunguko wa leo haujui lolote kuhusu wa jana. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakapoteza pesa nyingi kwa kuweka kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Mpira hauna zamu.

Ila nitakuwa mwongo nikisema kijana yule hana msingi kabisa. Uingereza zipo mashine za baa zinazorekebisha malipo kulingana na kilichoingia na kilichotoka, na sheria huko inataka ziandikwe wazi kwamba michezo iliyotangulia inaweza kuathiri matokeo. Mashine ya namna hiyo "inashiba" kweli. Lakini tazama anachopata mchezaji kwa kulijua hilo: haoni kilichomo ndani, hajui ilitoa nini usiku, na hata ikitapika, imewekwa ibakize fungu la mwenyewe kwanza.

Sasa tuseme mashine ni safi na inarudisha asilimia 90. Watu husikia 90 na kudhani wakiingia na shilingi 200 watatoka na 180. Hiyo ni kama utacheza kila sarafu mara moja na kuondoka. Hakuna anayeondoka. Zile 180 zinarudi kwenye tundu, zinakuwa 162, kisha takriban 146, 131, 118. Ukizungusha pesa yote namna hiyo mara kumi umebaki na shilingi 70 hivi kwa wastani, na umebonyeza kama mara 65 tu. Kama mzunguko unachukua sekunde sita, hujamaliza dakika kumi. Wapo watakaokuwa wamepata BAR katikati, na hao ndio tunaowasikia. Waliotoka mikono mitupu hawapigi kelele.

Siku hizi vijana wengi wameacha sanduku na kuhamia simu, kwenye Aviator, kandege: kandege inapaa, dau lako linazidishwa kadri inavyopaa, na usipotoa kabla haijatoweka umepoteza. Huko ubishi ni ule ule, lakini mambo yako wazi zaidi. Spribe, waliotengeneza mchezo huo, wanasema unarudisha asilimia 97. Chukua namba hiyo kama ilivyo. Kihesabu, nafasi ya kandege kufika mara mbili ni takriban asilimia 48.5, kufika mara kumi ni kama 9.7, na kufika mara mia haifiki asilimia moja. Zidisha nafasi kwa malipo, popote utakapotoa, jibu ni lile lile 97. Anayetoa mapema na anayengoja wanalipa bei moja.

Wengi hutegemea kudabo: ukipoteza 20 unaweka 40, kisha 80, mpaka ushinde. Ukipoteza mara saba mfululizo umeshatoa shilingi 2,540, na dau linalofuata ni 2,560, yote hayo kwa ajili ya faida ya shilingi 20. Mkosi wa raundi saba mfululizo ambazo kandege haifiki mara mbili hutokea takriban mara moja katika kila majaribio 104. Kwa mchezo unaoruka mchana na usiku, hicho si kitu cha ajabu, ni cha kila siku.

Mfumo wa kandege una kinga dhidi ya udanganyifu. Matokeo hutengenezwa kwa kuunganisha msimbo wa seva, yaani kompyuta ya mwenye mchezo, ambao hufungwa mapema kwa njia ya kihesabu, na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza kuingia kwenye raundi. Baada ya raundi unaweza kuhakiki kwamba namba haikubadilishwa. Hapo anayesema "wananiona nimeweka nyingi ndiyo maana imeanguka" amejibiwa. Na hapo hapo yule anayeuza sinyali za kandege Telegram amejibiwa pia, kwa sababu kinachomzuia mwenye mchezo kubadilisha matokeo kinamzuia na yeye kuyajua mapema. Anauza hewa, na nina hasira naye kuliko na mwenye kibanda.

Lakini uhakiki hauondoi ile asilimia 3. Ongeza na kodi: tangu Julai 2025 kuna asilimia 5 kwenye pesa unayoweka na asilimia 5 nyingine unapotoa. Shilingi 100 inaingia ikiwa 95, ukiicheza mara moja tu inakuwa 92 na senti kwa wastani, ukiitoa unapokea 87 na nusu hivi. Hiyo ni raundi moja.

Basi serikali ifanye nini? Mwaka 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa mambo ya ndani, mashine zilikamatwa na kuchomwa moto sehemu nyingi za nchi. Wanaounga mkono hatua ile wana hoja nzito: sanduku lilikuwa sokoni, kwenye kimo cha mtoto, likipokea sarafu ya kutumwa dukani. Wanaopinga wanasema ukichoma sanduku unampeleka mtu kwenye simu, na huko hakuna anayemwona. Wote wako sahihi. Sheria mpya ya kamari ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 1966, na mimi nasimama hapa: mashine isiyokaguliwa itoke sokoni bila mjadala, na iliyokaguliwa ibandikwe asilimia yake mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za BAR.

Kuna wanaojaza daftari kwa picha zilizotoka, wakitafuta mpangilio. Daftari hilo halitabiri kitu. Safu mbili zinatosha: iliyoingia na iliyotoka. Wa kandege hata daftari hahitaji. Aombe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ajumlishe zilizokwenda kwenye paybill ya kamari, atoe zilizorudi, na jibu alinganishe na kodi ya nyumba ya miezi hiyo hiyo.