Baba Huyu Ana Kesi Gani?

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Juzi kaniletea insha yake imejaa wino mwekundu utadhani imechinjiwa kuku. Aliandika kwamba baba wa "My Papa's Waltz", shairi la Mmarekani Theodore Roethke, anampenda mwanawe. Humo baba aliyekunywa anamchezesha mtoto waltz, dansi ya Kizungu, jikoni. Mwalimu akajibu pembeni: La, huu ni unyanyasaji. Alama mbili juu ya kumi.

"Mjomba, kwani haliwezi kuwa na majibu mawili?"

Laweza, mwanangu. Wasioweza ni wanaosoma mashairi kama makarani wa korti.

Haya, upande wa kipigo wana ushahidi, siwanyimi. Baba ananuka wiski kiasi cha kumtia mtoto kizunguzungu. Kifundo cha kidole kimechubuka. Masufuria yanaporomoka rafuni, na kila baba akikosea hatua, bizimu ya mkanda inamkwaruza mtoto sikio. Mtoto mwenyewe kamganda kama mauti.

Lakini shairi husomwa kwa sikio pia, jamani! Kila mshororo una mapigo matatu, mwendo wa waltz yenyewe: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Anayesimulia ameshakuwa mtu mzima na mwili wake bado unaicheza ngoma ile. Mwisho anapelekwa kulala, naye angali ameling'ang'ania shati la baba. Mtu hushikilia kinachomtisha? Hushikilia, akiwa hana pengine pa kushika. Basi hapo hoja yangu imenigeuka mkononi, na utamu wa shairi hili ndio huo. Mapenzi na hofu vimevaa shati moja, na mtoto hakupewa nafasi ya kuchagua. Sisi tunamchagulia kwa haki gani?

Halafu humo shairini kuna kiganja cha baba kilichogandwa na uchafu. Otto Roethke, babake mshairi, alikuwa mkulima wa maua huko Saginaw, Michigan. Alifariki 1923, Theodore akiwa na miaka 14. Shairi likachapishwa 1942. Najua, msimulizi si lazima awe mshairi. Ila ukisoma chupa ukauruka udongo wa kazi, umesoma nusu.

Ami yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Alikuwa akirudi jioni na grisi mpaka viwikoni, na kabla hajanawa anaturusha juu, vichwa vinakaribia boriti, mkewe anafoka jikoni, "Utamuua mtoto wa watu!" Mbavu zinauma, na bado tunapanga foleni turushwe tena. (Wiski hakuigusa, alhamdulillahi, lakini kwa kalamu ile nyekundu naye angefungwa.)

Wapo watoto Mombasa hii wanaopigwa kweli, usiku, na majirani wanaongeza sauti ya redio. Hao wanahitaji mtu agonge mlango. Kulisoma shairi kwa jicho moja hakuwasaidii hata chembe.

Na haya yanatokea katika mji wa Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa kale! Huyu alifumba, wenzake wakafumbua, wakamjibu kwa fumbo jingine, na beti zake nyingine zinabishaniwa mpaka kesho. Bahati yake alifariki 1840, kabla ya kusahihishwa.

Na yule mama wa shairini, mamake mtoto, je? Ngoma hakuisimamisha, na uso haukukunjuka. Nyinyi mnaotaka hukumu, huyo mtamwita shahidi wa upande upi?