Siku Niliyompigia Mama Mkwe Magoti

Nyumba yetu ya Kibaha tulihamia kabla haijaisha, kama wanavyohamia wengi waliochoka kulipa kodi. Vyumba viwili havina dari, geti ni bati lililofungwa kwa waya. Lakini sebule ilikuwa tayari: tailizi nyeupe za sentimita 60 kwa 60, na kwenye mianya kati ya tailizi na tailizi grauti nyeupe pe, yaani ule ujazo wa saruji. Fundi alinishauri niweke ya kijivu. "Bosi, grauti nyeupe ni pambo la wiki moja," alisema. Nikamwona mshamba.

Wiki ya pili ile mistari ilishakuwa rangi ya chai ya maziwa. Na juu ya tailizi kulikuwa na ukungu wa saruji ambao ukideki unapotea, maji yakikauka unarudi palepale. Fundi akataka shilingi 80,000 asafishe, kisha apake sila, yaani ile dawa ya maji maji inayoingia kwenye vitundu vya grauti ili chai na matope visipate pa kujificha. Nikamwambia asihangaike, mistari ya sakafu haiwezi kunishinda. Mke wangu alikuwepo, hakusema neno. Alifunga tu kanga yake upya. Aliyeoa anaijua lugha hiyo.

Nilianza na esidi. Niliuziwa nusu lita kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina hata karatasi. Nikaimimina pembeni karibu na dirisha, ikafoka povu kama soda iliyotikiswa. Nikafurahi kweli. Nikamwita mke wangu aje aone uchafu unavyotoka. Tukautazama wote wawili, unatoka na kutoka, mpaka nilipopangusa nikakuta kidole kinazama kwenye ufa. Kumbe kilichokuwa kinatoka si uchafu, ni grauti yenyewe. Grauti ni saruji, na esidi huila saruji kama mchwa na mbao. Mke wangu akauliza kwa upole, "Sasa hapo imesafika?"

Nilinunua grauti kilo moja nikajaza ule mfereji kwa kidole. Sehemu iliyobaki nikaisugua kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki. Ili kujipa moyo nilipiga hesabu: sebule ya mita 5 kwa 6, tailizi za ukubwa ule, mistari yote ukiinyoosha inafika kama mita 100. Usain Bolt alizimaliza mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009. Mimi zilinichukua jioni tatu, na siku ya nne nilipanda daladala kiuno kikiwa kimejikunja hadi kijana mmoja akanipisha kiti. Nina miaka 38.

Nikaacha zikauke siku kadhaa, nikaja kwenye sila. Kopo lilikuwa na maandishi madogo ya Kichina na picha tatu: brashi, saa, na mkono ulioshika kitambaa. Ya brashi nikaielewa. Ya saa nikaielewa pia, maana yake subiri. Ya kitambaa nikaona wanamwambia mtu sasa pumzika, jifute jasho. Na kwa kweli nilijifuta.

Kosa la pili lilikuwa la ukarimu. Fundi hupaka sila kwenye mistari tu, kwa brashi ndogo. Mimi nikajiuliza, kama inalinda grauti, kwa nini nizibague tailizi? Nikachukua rola ya rangi nikapaka sakafu nzima, ukuta kwa ukuta, kwa roho safi kabisa. Mke wangu alikuwa ameshakwenda stendi ya Maili Moja kumpokea mama yake anayetoka Muheza. Nilijua basi la Tanga lina mambo yake, nina mpaka jioni.

Baada ya saa moja na nusu nikaingia kukagua. Sakafu inang'aa kama kioo. Nikapiga hatua ya kwanza: chwaa. Ya pili: chwaa. Sila ilikuwa imeshiba kwenye grauti, lakini juu ya tailizi haikuwa na pa kuingia, maana tailizi za aina ile hazinywi kitu. Imebaki juu na kuwa utomvu, kama fenesi lililopasuliwa. Ndipo picha ya tatu ikanijia vizuri: futa. Futa kabla haijakauka, ndani ya dakika 5 au 10!

Nikapiga magoti katikati ya sebule na kitambaa, nasugua kama kichaa. Nimevaa singlendi na bukta. Kitambaa kikaganda. Nikakiacha, nikataka kuinuka. Sikuinuka. Magoti yangu yana vinyweleo vingi, na kila kinyweleo kilikuwa kimeshika sakafu kivyake.

"Hodi humu ndani!"

Basi la Tanga, siku hiyo moja katika maisha yake, lilikuwa limewahi.

Mama mkwe alivua viatu mlangoni, mtu wa adabu, akaingia na kapu la machungwa kichwani na kuku kwapani. Akamkuta mkwewe, baba wa wajukuu zake, kapiga magoti yote mawili, mikono ameitanguliza mbele, jasho linamtoka, macho chini kwa aibu ya bukta.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka kule chini.

Akasimama kimya. Machozi yakamlenga. "Marahaba baba! Marahaba! Jamani, inuka mwanangu, heshima gani hii!"

"Niache kidogo, mama."

"Inuka, nimeridhika."

"Mama, siwezi."

Hapo ndipo alipozidi kulia. Akamgeukia binti yake nje: "Na wewe ulikuwa unamsema huyu!" Akapiga hatua aje aniinue, mguu ukagoma. Akauvuta, chwaa, akayumba, na kuku akaponyoka. Yule kuku alikimbia hatua nne za kawaida. Ya tano akapunguza. Kisha akawa ananyanyua mguu mmoja mmoja, anautazama, anautua, kama mzee anayevuka matope na suruali ya harusi. Akafika katikati akakata tamaa, akakaa. Alipoinuliwa aliacha manyoya ya tumbo pale chini, yakasimama wima kama nyasi.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Kanga aliifunga upya mara mbili.

Fundi alikuja kesho yake asubuhi na akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamwagia sila nyingine juu ya ile ile! Nikadhani amechanganyikiwa. "Dawa ya moto ni moto, bosi." Ile mpya ikalainisha ya zamani, naye akawa anasugua na kufuta papo hapo, kipande kwa kipande, hadi sakafu ikarudi kuwa sakafu. Mwishoni alidondosha tone la maji kwenye grauti, likakaa juu kama shanga, halizami. "Kazi yako kwenye mistari ni nzuri," alisema, na akanidai shilingi 120,000.

Mwezi uliopita tulikwenda Muheza kwenye arobaini ya mjomba wa mke wangu. Sijashuka vizuri kwenye bajaji, nikaona wazee sita wamepangwa barazani, mama mkwe pembeni anatabasamu. "Huyu ndiye niliyewaambia," akasema. "Subirini muone anavyosalimia."

Uwanja ulikuwa na kokoto. Nikakunja suruali.