Grateful Dead: albamu 59, wimbo mmoja

Februari 2024, bendi ya roki ya Marekani iliyokufa mwaka 1995 iliwapita Elvis Presley na Frank Sinatra. Albamu ya 59 ya Grateful Dead iliingia kwenye 40 bora za chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, wakati Elvis na Sinatra wamekomea 58 kila mmoja. Sasa weka pembeni yake hesabu nyingine. Kwa miaka 30 ya kupiga muziki, bendi hiyohiyo iliingiza wimbo mmoja tu kwenye 40 bora za nyimbo: "Touch of Grey", uliofika nafasi ya 9 mwaka 1987.

Nimeikalia hiyo 59 muda mrefu na bado hainikai vizuri. Zaidi ya nusu ya albamu hizo zimeingia chati tangu 2012, ulipoanza mfululizo wa Dave's Picks: mara nne kwa mwaka linatolewa onesho zima la zamani, kwa nakala za kuhesabika, 25,000 au karibu na hapo. Wanunuzi ni walewale, na wote wananunua wiki moja. Albamu inachungulia chati, wiki ya pili huioni. Zama hizi ambazo wengi wameacha kununua albamu, nakala hizo zinatosha kukupandisha. Anayesema rekodi hiyo imepatikana kwa ujanja wa hesabu, sina cha kumjibu.

Lakini mimi swali langu liko kwa hao wanunuzi. Wanalipia nini? Nyimbo ni zilezile, wanazo tayari mara ishirini, mara hamsini. Wanalipia jinsi zilivyopigwa usiku fulani, kwenye ukumbi fulani, mwaka fulani. Ni bendi gani nyingine ya roki ina watu 25,000 wa namna hiyo, tena miongo mitatu baada ya kuvunjika?

Wasioipenda wana hoja, na si za kubeza. Uimbaji wao wa pamoja ulikuwa unapinda. Kurekebisha nyuzi katikati ya wimbo na mwingine kulichukua muda ambao bendi nyingine ingeshapiga nyimbo mbili. Miaka ya mwisho Jerry Garcia, mpiga gitaa na mwimbaji wao, alikuwa akisahau mashairi jukwaani. Kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969, mbele ya umati ambao kila msanii angeutamani, waliboronga, na wenyewe hawakuwahi kulificha hilo. Na gitaa la dakika kumi na tano lisilofika popote ni gitaa lisilofika popote, hata ukilisikiliza kwa mapenzi kiasi gani.

Tatizo langu ni kwamba hoja hizo nyingi hutolewa na mtu aliyesikiliza albamu za studio, akachoka, akafunga mjadala. Chukua "Dark Star". Mwaka 1968 waliutoa kama santuri ndogo, haufiki dakika 3, na haukununulika. Mwaka uliofuata, kwenye albamu ya Live/Dead iliyorekodiwa jukwaani, wimbo huohuo unakwenda zaidi ya dakika 23. Beti ni mbili tu. Zilizobaki ni dakika za watu kuulizana kwa vyombo: huyu anatupa sauti, yule anaidaka na kuigeuza, wa tatu anakataa kabisa na kuanzisha yake. Msikilize mpiga besi, Phil Lesh. Alisomea utunzi, alikuwa mpiga tarumbeta, na besi alianza kuishika alipoingia kwenye bendi. Hakuna aliyemfundisha kwamba kazi ya besi ni kukaa chini na kushikilia mdundo, kwa hiyo hakai chini. Anazunguka gitaa la Garcia kama mtu anayebishana na rafiki yake kibarazani. Garcia naye alitokea kwenye banjo na muziki wa vijijini wa Marekani. Bob Weir, badala ya kukwangua gitaa la kusindikiza kama wenzake, anachomeka vipande vifupi katikati ya hao wawili.

Muziki wa namna hiyo hauwezi kukamilishwa studio, kwa sababu haukukusudiwa kukamilika. Walipiga maonesho zaidi ya 2,300, kwa kawaida bila orodha ya nyimbo iliyopangwa, na ya jana hayakurudiwa leo. Kuna siku mazungumzo yalinoga. Kuna siku hayakuwa na kichwa wala miguu, na waliolipa kiingilio siku hiyo walijua kwamba hilo nalo linawezekana.

Hapo ndipo habari ya kanda inapoingia, habari ambayo siku hizi husimuliwa na walimu wa biashara kwa namna inayoniudhi kidogo. Wao husema: angalia, waliruhusu mashabiki warekodi bure, wateja wakaongezeka, tiketi zikauzika; ni mbinu ya soko. Mashabiki walikuwa wakirekodi kwa kujificha miaka mingi kabla. Oktoba 1984 ndipo bendi ilipowatengea eneo rasmi, nyuma ya meza ya fundi wa sauti, na sababu mojawapo ilikuwa ya kawaida kabisa: msitu wa maikrofoni ulikuwa unawaziba watazamaji wengine. Sharti lilikuwa moja, kanda zibadilishwe mkono kwa mkono, zisiuzwe. Garcia alikuwa na msimamo kwamba wakishamaliza kupiga, waliokuja wanaweza kuuchukua muziki huo. Faida ilikuja, ndiyo, lakini ilikuja nyuma ya tabia. Mkulima anayeacha wapita njia wachume maembe hafanyi utafiti wa soko.

Nisiwapake mafuta kupita kiasi. Novemba 2005, upande wa bendi uliondoa rekodi zake kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, mashabiki wakaja juu, na siku chache baadaye zile zilizorekodiwa na watazamaji zikaruhusiwa tena kupakuliwa. Zilizotoka kwenye mitambo ya bendi zikabaki za kusikiliza tu. Ukarimu ulikuwa na uzio, kumbe.

Na uzio wa kweli nao ulivunjwa. Baada ya "Touch of Grey" walikuja watu wasiofuata muziki bali shamrashamra za nje ya uwanja. Tarehe 2 Julai 1995 pale Deer Creek, Indiana, wasio na tiketi walibomoa ua na kuingia kwa maelfu, na onesho la siku iliyofuata likafutwa. Wiki moja baadaye walipiga Soldier Field, Chicago, likawa la mwisho. Garcia alifariki 9 Agosti, akiwa na miaka 53, katika kituo cha kutibu uraibu. Wapiga kinanda wawili walishatangulia: Pigpen mwaka 1973, pombe ikiwa imemmaliza akiwa na miaka 27, na Brent Mydland mwaka 1990 kwa dawa za kulevya. Mwenye kuona kwamba uhuru ule ulitoza bei kubwa mno ana haki. Hapa ndipo hoja ya upande wa pili inaponishika koo, kuliko gitaa la dakika kumi na tano.

Ukitaka kuihukumu bendi hii mwenyewe, sikiliza rekodi mbili. Ya kwanza ni ya Chuo Kikuu cha Cornell, 8 Mei 1977, iliyorekodiwa na fundi wao Betty Cantor-Jackson. Ilizunguka kwenye kanda kwa miongo, ikaingizwa kwenye hifadhi ya kitaifa ya rekodi za sauti ya Marekani, na ikatolewa rasmi 2017 tu. Ya pili ni ya miezi 16 baadaye, Septemba 1978, chini ya mapiramidi ya Giza nchini Misri. Usiku wa tatu mwezi ulipatwa, Giza ikawa giza kwelikweli. Hamza El Din, mwanamuziki Mnubi, aliongoza wenzake kupiga makofi na kuimba, na bendi ikajiunga taratibu hadi wote wakawa kitu kimoja. Mpiga dramu, Bill Kreutzmann, alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, akapiga kwa mkono mmoja. Piano ilikuwa imelegea nyuzi. Walikuwa wamepanga albamu ya safari hiyo isaidie kulipa gharama zake, wakasikiliza kanda waliporudi, wakaziweka kabatini. Zilitoka mwaka 2008, piano ikiwa na kasoro zake zilezile, makofi ya Wanubi yakiwa mahali pake.